Damu Yenye Umbo la Mundu

Jumatatu, 4 Oktoba 1976

Asubuhi kavu. Vumbi jekundu barabarani, mawingu yamekaa upande wa Burundi bila kusogea. Mvua bado.

Nimeanza daftari jipya. Ukurasa wa kwanza nimeandika kama tulivyofundishwa shuleni: Theodosia, msaidizi wa maabara, hospitali, Kasulu. Huu ni mwaka wangu wa tatu kazini tangu nimalize kidato cha nne. Maabara yetu ni chumba kimoja chenye dirisha la mashariki, hadubini moja, na Bwana Tamimu, mkuu wangu, mtu wa Ujiji, ambaye ametazama damu za watu tangu enzi za Waingereza na hanywi chai mpaka slaidi ya kumi iishe.

Leo nilimweleza mzee mmoja kwamba seli zake nyekundu ni chache. Akaondoka, akarudi na mwanawe, akaniuliza kwa heshima ni nani aliyeiweka damu yake selo na kwa kosa gani. Bwana Tamimu alicheka mpaka akavua miwani. "Mwambie itatoka kwa msamaha wa Sikukuu ya Uhuru," akasema. Nilimweleza upya kwamba damu yake ni nyepesi, ale majani ya maharage na nyama akipata. Hilo alilielewa.

Jumatano, 6 Oktoba

Kavu. Slaidi nyingi za malaria, karibu nusu zina vimelea. Hakuna jingine.

Jumamosi, 9 Oktoba

Upepo tangu alfajiri, joto mchana.

Nimekwenda nyumbani Heru Juu kwa miguu. Mama alikuwa shambani akikatua ardhi kavu, anataka mvua imkute tayari. Kaka yangu Sylvesta hakuwapo. Siku hizi ananunua maharage vijijini na kuyapakia kwenye lori la Abdalah, mwenye duka wa mjini. Nyumbani alikuwapo mkewe Pelagia na mtoto wao Pasikali, mwaka mmoja na nusu.

Pelagia alivuka mpaka mwaka 1972 pamoja na wazazi wake. Wazazi wamebaki Nyabibuye, huko mbali wilaya ya Kibondo, na Kaka alimpata huko huko alipofuata maharage. Kirundi chake na Kiha chetu vinatofautiana kidogo tu. Mama hujifanya haelewi pale anapotaka.

Mtoto ana mikono iliyovimba. Vidole vimejaa kama maganda ya maharage mabichi, na ukimgusa analia mpaka anaishiwa pumzi. Mama alisema ni baridi ya usiku. Nikauliza kama amekuwa na homa. Mama alikasirika kidogo. Nyumba yake haina homa, ndivyo husema siku zote: "Wanangu homa inawapita kama gari la serikali." Ni kweli kwamba mimi na Sylvesta hatujawahi kulazwa kwa malaria. Watoto wa jirani walizikwa kwa homa, sisi tukacheza.

Nimemwambia Pelagia amlete mtoto Jumanne.

Jumanne, 12 Oktoba

Mawingu. Matone machache saa nne, yakakoma.

Pelagia alifika mapema, mtoto mgongoni. Bwana Tamimu alitoa tone la damu kwenye kidole cha mguu, kwa sababu vya mkono havishikiki, akatazama, akasogea pembeni ili nami nitazame.

Seli nyekundu ya mtu mzima wa afya ni ya duara, imebonyea katikati, kama donge la unga lililogandamizwa kwa kidole gumba. Za Pasikali baadhi zilikuwa hivyo. Nyingine zilikuwa nyembamba, ndefu, zimepinda, ncha zote mbili kali. Nilizijua kutoka kwenye picha ya kitabu cha shule. Sikuwahi kuziona katika damu ya mtu ninayemjua jina.

"Siko," akasema Bwana Tamimu. Ndivyo wanavyouita ugonjwa huu hapa hospitalini, kwa kulikata jina lake la Kiingereza. "Wa nani mtoto huyu?"

Nikasema ni wa kaka yangu. Akavuta kiti chake akanipa.

Tulimpima na Pelagia. Damu yake tuliichanganya na ile dawa inayonyonya hewa safi, tukafunika kwa kioo chembamba, tukaziba kingo kwa vaselini, tukangoja. Baada ya muda seli chache zikaanza kujipinda. Pelagia haumwi wala hatakuja kuumwa. Kila mtu hupewa chembe mbili za urithi, moja ya mama na moja ya baba. Yeye anayo moja iliyoharibika, na ile nzima inamlinda. Pasikali anazo mbili zilizoharibika. Ya pili imetoka kwa Sylvesta, haiwezi kutoka pengine. Lakini Sylvesta yuko safarini, hatukumpima.

Seli zilizopinda hukwama katika mishipa midogo. Ndiyo maumivu, ndiyo uvimbe. Dawa ya kuiondoa hakuna. Kuna maji ya kunywa mengi, kuna kumkinga na malaria, kuna mtu wa kumwangalia mchana na usiku. Pelagia alisikiliza yote, akayarudia kwa mpangilio ule ule, hakuacha hata moja.

Jumatano, 13 Oktoba

Kavu tena.

Mama alipita hospitalini akitoka sokoni. Kwenye dirisha langu palikuwa na foleni. Alitaka jibu la mtoto. Mambo ya hospitali huwa nayasema kwa Kiswahili, hata kwa Mama, kwa kuwa kwa Kiha sina maneno yake. "Siko" halimwambii mtu kitu. Nikafikiri, nikachagua umbo. Nikamwambia ni ugonjwa wa mundu.

Mama alikishusha kikapu chini. Kisha akauliza, "Hospitali ndiyo imesema?"

"Ndiyo. Tumeona kwa macho."

"Mmemwona?"

"Tumeuona. Kwa mtoto, na kwa Pelagia pia."

"Kwa Pelagia."

"Ndiyo, Mama."

Mama hukosea ngeli za Kiswahili tangu zamani, simrekebishi. Alijifunga kitenge upya, akajitwika kikapu, akaondoka bila kuaga. Nilitaka kuongeza habari ya Sylvesta lakini aliyefuata kwenye foleni alikuwa tayari amenyoosha kidole.

Nimeridhika na neno nililolipata. Ni Kiswahili kizuri na umbo ni lile lile.

Jumapili, 17 Oktoba

Mvua ya kwanza alfajiri, kubwa. Kanisani watu wachache, wote wako mashambani wanapanda.

Jumapili, 24 Oktoba

Manyunyu asubuhi, jua mchana.

Nyumbani. Maharage yameota vizuri. Uvimbe wa mikono umepungua.

Nimeona mambo mawili. Mama anampikia Pasikali uji mwenyewe, na sufuria yake ameitenga. Pelagia analala na mtoto lakini hamlishi. Nilipomuuliza Mama sababu alinijibu kwamba nimeshasahau upesi maneno yangu mwenyewe. Nikadhani anasema juu ya ushauri wa kumwangalia mtoto, kwamba ameamua kuubeba mzigo huo yeye. Nikaona ni jambo jema.

Pelagia alinisindikiza mpaka njia panda. Hapo aliniuliza kama ile damu yake tuliimwaga. Nikasema ndiyo, huwa tunaosha slaidi. Akashukuru.

Alhamisi, 28 Oktoba

Mvua. Paa la maabara linavuja juu ya kabati. Tumehamisha kabati.

Ijumaa, 5 Novemba

Mvua tangu usiku, ikakatika saa tatu.

Wagonjwa wachache kwa sababu ya matope. Nilimuuliza Bwana Tamimu kwa nini ugonjwa unaoua watoto hauishi. Wenye chembe mbili wanakufa kabla ya kuzaa, basi kila kizazi zingepungua, mpaka ziishe. Alisema nilete kiti.

Mwaka hamsini na sita, alisema, alitumwa mabondeni kuelekea mto Malagarasi kupima damu za watu, pamoja na daktari mmoja. Kule mbu ni wengi kuliko huku kwetu juu. Walikuta watu wengi ambao damu yao hujipinda ikitiwa dawa, na wote wazima, wanalima, wanavua. Huku milimani waliwakuta wachache. Daktari alimweleza, naye akanieleza. Mtoto mwenye chembe moja tu iliyoharibika akiingiwa na malaria, vimelea havistawi ndani ya seli zake, naye hupona. Mwenzake aliyezaliwa na damu nzima kabisa anaweza kufa kwa homa ile ile. Mwenye mbili anakufa kwa siko. Kwa hiyo chembe hiyo hupunguzwa kwa mlango mmoja na kuongezwa kwa mlango wa pili, na mahali penye mbu haiishi.

"Kwa hiyo mbu ndiye anayechagua," nikasema.

"Mbu hachagui. Mbu anakula. Wanaobaki ndio wanaozaa, basi."

Shuleni somo la mageuko ya viumbe lilikuwa la ndege wa visiwani na mifupa iliyochimbuliwa kwenye mawe. Mwalimu alisema huchukua miaka mingi mno hata hatuwezi kuyaona. Nilipata alama nzuri. Sikufikiri yanaendelea Heru Juu.

Nimekumbuka pia maneno ya Mama juu ya gari la serikali. Baba, ambaye alifariki mwaka 1969 kwa kuangukiwa na mti, ukoo wake ulitoka mabondeni.

Jumamosi, 13 Novemba

Mawingu mazito, mvua jioni.

Nimefika nyumbani, Pelagia hayupo. Ameondoka Jumatano kwa lori la Abdalah, amepelekwa kwao Nyabibuye. Mtoto amebaki, kwa kuwa mtoto ni wa ukoo wa baba. Yuko mgongoni kwa Mama, anamtafuta mama yake kila mlango ukilia.

Sylvesta alikuwa nyuma ya nyumba akichambua maharage. Nilimuuliza. Akasema Mama ameona ni vizuri Pelagia apumzike kwao mpaka mavuno.

"Na wewe ulisema nini?"

"Nilimbebea mzigo mpaka kwenye lori."

Nikamwambia ugonjwa wa mtoto hautokani na Pelagia peke yake. Akasema mimi ndiye niliyeleta habari, kwamba hospitali imeona kwa Pelagia. Nikamwambia imeonekana kwa mkewe, na hata kwake yeye itaonekana siku akija kupimwa.

Kaka aliacha kuchambua. "Usiseme hivyo. Mimi sina mtu, Theodosia."

Jibu hilo sikulielewa. Nilidhani anasema hana mke tena.

Mama sikumweza kwa maneno. Nilipoanza aliniambia kwamba yeye hakumtukana Pelagia, hakumpiga, amempa na mbegu za kupanda kwao. Amefanya alivyoweza. Nimerudi mjini nikiwa na hasira juu ya ujinga wao. Naliandika neno hilo kama lilivyokuwa kichwani.

Jumatatu, 15 Novemba

Mvua siku nzima.

Ijumaa, 19 Novemba

Ukungu mpaka saa nne.

Pasikali amelazwa. Sylvesta alimleta kwenye baiskeli, Mama akifuata kwa miguu. Slaidi yake niliitazama mimi mwenyewe: vimelea vya malaria, na seli zilizopinda ni nyingi kuliko mwezi uliopita. Wingi wa damu asilimia thelathini na nane, ya mwenye afya ikiwa mia. Macho ya manjano. Wamemwanzishia klorokwini na maji. Mama ndiye anayemuuguza, na analala kwenye mkeka chini ya kitanda. Mtoto hanywi maji kwa mkono wa Mama, anayatema. Pelagia alikuwa na namna ya kumnywesha kwa ncha ya kidole, kidogo kidogo. Mama ameijaribu, mtoto anageuza uso.

Jumamosi, 20 Novemba

Mvua. Hali ile ile.

Jumapili, 21 Novemba

Mvua ya asubuhi, ikaacha matope na jua kali.

Leo naandika kwa kirefu.

Nilikuwa zamu. Saa tatu nilikwenda wodini na trei kuchukua damu ya Pasikali. Mama alinipa mgongo, alikuwa akizungumza kwa Kiha na mwanamke wa kitanda cha pili. Mwanamke alimuuliza mjukuu anaumwa nini. Mama akasema hospitali ilikwisha kulitatua hilo zamani: ni umuntu.

Umuntu kwa Kiha ni mtu. Mama alisema kwamba kuna mtu, na kwetu kusema hivyo ni kusema mchawi.

Yule mwanamke akauliza hospitali inajuaje mambo hayo. Mama akasema, "Binti yangu anafanya kazi humu. Alimwona mwenyewe kwenye kioo chao. Alimwona kwa mkwe wangu."

"Kioo chao kinaonyesha watu sasa?"

"Kinaonyesha. Nami sikuamini mpaka aliponiambia yeye."

Nilibaki nimesimama na trei. Kisha nikatoka, nikaiweka juu ya benchi la nje.

Nimeyapanga mambo kwa utaratibu, kama ifuatavyo. Kisu kile kilichopinda tunachofyekea migomba, sisi nyumbani hatukiiti mundu. Tunakiita umuhoro. Neno mundu nililipata shuleni. Mama hajawahi kulisikia, na nilipolitamka dirishani, katikati ya foleni, sikio lake lilichukua neno la kwao lililo karibu. Nikasema ugonjwa wa mundu, akasikia ugonjwa wa mtu. Akauliza kama tumemwona. Nikasema tumeona, na kwa Pelagia pia. Sikuwa na haja ya kusema zaidi. Hakukosea ngeli. Mtu huonwa hivyo hivyo alivyosema yeye.

Tena niliripoti nusu ya matokeo. Nilimpima mmoja wa wazazi wawili, nikamtaja huyo mmoja, nikaliacha jina la kaka yangu kwa sababu foleni ilikuwa ndefu. Bwana Tamimu asingekubali ripoti ya namna hiyo kwa mgonjwa yeyote.

Ujinga nilioutaja tarehe kumi na tatu umo katika nyumba ile, ila nilikosea mwenye nao: ni mimi.

Mchana nilimwita Mama nje. Nilimweleza kwa Kiha. Nilisema si umuntu, sikusema umuntu. Ni umuhoro. Nikamchorea matopeni kwa kijiti: seli ya duara, na seli iliyopinda. Mama aliitazama michoro, akanitazama mimi.

"Mwezi ule mtu. Leo umuhoro. Kesho litakuwa jembe."

"Mama, nilikosea neno."

"Wewe? Uliyesomeshwa kwa kahawa ya baba yako?" Akaifuta michoro kwa mguu, polepole, kama anayefunika mbegu. "Unamtetea wifi yako. Ni vizuri. Lakini usinichezee."

Akarudi ndani.

Jumatatu, 22 Novemba

Mawingu, bila mvua.

Nimempima Sylvesta. Alikataa, nikamwambia kwa Kiha kila hatua kabla sijaifanya, akakubali. Baada ya muda seli zake zilijipinda. Nilimwonyesha. Alitazama, akauliza kama hiyo ndiyo niliyoisema tarehe ile nyuma ya nyumba. Nikasema ndiyo hiyo. Akauliza kama Pelagia alijua kwamba na mumewe anayo. Nikasema aliondoka kabla hatujapima.

Alikwenda kumwambia Mama.

Jumanne, 23 Novemba

Mvua. Homa ya mtoto imeshuka. Maji bado anatema.

Jumatano, 24 Novemba

Asubuhi safi, milima yote inaonekana.

Mama alikuja dirishani akapanga foleni kama wengine. Zamu yake ilipofika alimnyooshea kidole Bwana Tamimu, akaniambia mimi nikae pembeni. Anataka yule mzee mwenye miwani, si mimi.

"Unapimwa nini, mama?" akauliza Bwana Tamimu.

"Umuhoro."

Bwana Tamimu aliniangalia. Nikamtafsiria. Akachukua kidole cha Mama kwa adabu, akachoma, akachanganya, akafunika, akaziba. Akamwambia itachukua muda. Mama alikaa kwenye benchi akatoa maharage kwenye kitenge, akapukuchua mapajani. Maganda aliyaweka mfukoni mwa gauni, asichafue sakafu.

Muda ulipotimia Bwana Tamimu alitazama kwanza. Alimwita. Mama hakujua kufumba jicho moja, kwa hiyo Bwana Tamimu alimfunika jicho la kushoto kwa kiganja chake mwenyewe, akamwelekeza kuzungusha gurudumu dogo mpaka picha itulie.

Alitazama muda mrefu. Wengine katika foleni walianza kunung'unika.

"Nimeziona," akasema kwa Kiha. "Zimelala kama mihoro sokoni."

Akainuka. Nilimtoa nje mpaka kwenye kivuli cha ukuta wa jiko. Hapo ndipo aliponiambia jambo ambalo sikulijua kwa miaka yangu yote ishirini na mitatu. Kabla ya Sylvesta alizaa msichana. Jina lake Epifania. Alivimba vidole hivi hivi. Alipofariki, bibi yangu mzaa baba alisema nyumba ya Mama ina kitu, akamrudisha kwao Kasanda tangu palizi mpaka mavuno. Baba ndiye aliyemfuata, wakakubaliana mtoto huyo asitajwe tena.

"Nilijua tangu nilipoona mkono wa Pasikali," akasema.

"Ulijua nini, Mama?"

"Kwamba wataniuliza mimi. Halafu wewe ukaja ukasema ni mtu, na ukasema yuko kwa Pelagia." Akayapukutisha maganda kutoka mfukoni. "Nilipumua, mwanangu. Nilikwenda njia nzima nikipumua."

Nilirudi ndani nikaandika matokeo kwenye kitabu cha maabara, mstari wake, namba yake. Bwana Tamimu alikuwa anakunywa chai ingawa tulikuwa slaidi ya saba.

Baba naye alikuwa nayo, la sivyo Epifania asingevimba. Hawezi kupimwa lakini hakuna haja.

Ijumaa, 26 Novemba

Manyunyu.

Mama amepanda lori la Abdalah kwenda Kibondo, na kutoka huko atatafuta njia ya Nyabibuye. Sylvesta alitaka kwenda yeye. Mama alikataa, akasema aliyemtoa ndiye atakayemrudisha, na kwamba Kaka akae amnyweshe mtoto. Kwenye mzigo wake niliona mpini umechomoza. Alikuwa amebeba umuhoro wa nyumbani, umefungwa kwenye kitenge. Nilidhani ni wa kufyekea njia.

Jumatatu, 29 Novemba

Mvua kubwa. Sylvesta ameweza kumnywesha nusu kikombe, kwa ncha ya kidole. Ametoka wodini kuniambia, akarudi mbio.

Ijumaa, 3 Desemba

Mvua. Madereva wanasema daraja moja kabla ya Kibondo limekatika.

Jumatatu, 6 Desemba

Mvua. Hakuna habari.

Alhamisi, 9 Desemba

Jua. Sikukuu ya Uhuru, gwaride la shule limepita hapa nje.

Maabara imefungwa isipokuwa kwa dharura, lakini yule mzee wa selo alikuja, nikampima. Damu imepanda. Akasema basi msamaha umefika. Nilicheka, mara ya kwanza tangu mwezi wa kumi. Nikamuuliza mzee kwa Kiha kama maneno yangu yote aliyaelewa. Akasema mengi alielewa, mengine alinihurumia.

Jumatatu, 13 Desemba

Asubuhi ya mawingu mepesi, njia inakauka.

Wamefika saa saba mchana, Mama na Pelagia, miguu imejaa matope mpaka magotini. Sehemu ya njia walitembea. Pelagia alipita mbele yangu bila salamu, akaingia wodini. Mtoto alikuwa amelala. Hakumwamsha. Alichovya kidole katika kikombe akamgusa midomo, na Pasikali akanyonya akiwa bado usingizini. Sylvesta alisimama upande wa pili wa kitanda akishika kizibo cha chupa ya maji, hajui akiweke wapi.

Habari za Nyabibuye nimezipata kwa Pelagia baadaye, tulipokuwa tukifua kitenge cha mtoto. Mama alifika kwao jioni. Hakukubali kukaa. Alifungua mzigo mbele ya baba yake Pelagia, akatoa umuhoro.

"Baba alidhani amekuja kukata mtu," akasema Pelagia. "Alisogea nyuma ya mlango."

Mama akaulaza chini. Akasema ni hiki, si mtu, na kimo kwake yeye, na kwa mwanawe, na kwa Pelagia, na kwamba amekiona kwa jicho lake huku mzee mmoja akimziba la pili. Akamtaja na Epifania kwa jina. Baba yake Pelagia aliuliza kama huo umuhoro ulioko damuni unaambukiza. Mama akasema hauambukizi, unarithiwa, kama shamba. Ndipo akakaa, akapewa maji.

Sijui nani alimfundisha neno hilo la kurithi. Mimi sikumwambia.

Pelagia alikamua kitenge, akaniuliza, "Na wewe wifi, umepimwa?"

Nikasema bado.

"Unatazama za wote."

Nikasema ni kweli.

Pasikali ataruhusiwa keshokutwa. Damu asilimia hamsini na moja. Maumivu yatarudi, pengine kabla ya mavuno, na sitaandika hapa kwamba atakua, kwa kuwa sijui. Ninachojua ni nani atakayekuwa naye. Mama ameuchukua ule mkeka wa chini ya kitanda akampa Pelagia, na yeye ameondoka na Sylvesta kwenda kupalilia.

Saa kumi nilichoma kidole changu. Nilichanganya, nikafunika, nikaziba kingo. Bwana Tamimu aliuliza kama anitazamie. Nikasema nitatazama mwenyewe, yeye athibitishe. Kwa sisi tulioishi, tuliozaliwa na wazazi wawili wenye chembe hiyo, hesabu ya kitabu ni kwamba wawili kati ya watatu wanayo. Nilitazama. Akatazama baada yangu, akaitikia kwa kichwa.

Matokeo nayaandika kwa Kiha, nisikosee tena: umuhoro.

Nalala saa nne kasorobo.